Breki ya Z kwenye CNC: nyaya, mipangilio, na kwa nini kichwa kilianguka ilhali breki ni nzima

FundiKibuye (Kisumu)

Hamjambo wadau. Karakana yangu iko Kisumu, nyuma kidogo ya soko la Kibuye. Kazi yangu kubwa ni kuchonga vichwa vya vitanda na mikono ya sofa kwa mashine ya CNC (inayoongozwa na kompyuta) niliyoiunda mwenyewe. Mwezi uliopita stima ilipotea katikati ya kazi. Spindo (mota inayozungusha kisu) ikateremka yenyewe sentimita nne, kisu cha mm 6 kikazama kwenye ubao wa mahogani uliobakisha dakika kumi uishe, kikavunjikia humohumo. Mteja alikuwa amekuja na pikapu tayari, amekaa nje anangoja.

Kisu nilinunua kingine kesho yake. Lakini mashine ile ilikuwa na breki! Niliifunga mwenyewe, nikaijaribu mezani, ikashika kwelikweli. Siku niliyoihitaji ikachelewa. Nimekaa na jambo hili wiki tatu, nimelielewa sasa, na nataka niliandike lote hapa kwa sababu najua kuna wengine wenye mashine kama yangu kuanzia Nakuru mpaka Busia, na si wote watabahatika kupoteza ubao tu. Mkono ukiwa chini ya kile kichwa ni habari nyingine.

Nianze na uzito. Kichwa changu cha Z (mwendo wa juu na chini), yaani spindo ya 2.2 kW ya kupozwa kwa maji pamoja na bamba zake, nilikipima kwa mizani ya mahindi: kilo 14. Kinapanda na kushuka kwa skrubu ya gololi ya 1610, yaani kipenyo mm 16, na mzunguko mmoja ni mm 10. Skrubu ya gololi ni laini sana, haijishiki yenyewe kama skrubu ya jeki. Kilo 14 ni kama niutoni 137, na zikipita kwenye skrubu hiyo zinausukuma mhimili wa mota uzunguke kwa takriban Nm 0.2. Stepa (mota inayozunguka kwa hatua) ya saizi ya NEMA 23 isiyo na umeme hujizuia kwa chini ya Nm 0.1. Kwa hiyo stima ikikatika, kichwa lazima kishuke, hakuna cha bahati hapo. Mwenye skrubu ya 1605 (mm 5 kwa mzunguko) mzigo wake ni nusu ya huo, ndiyo maana mafundi wengine wanakwambia hawajawahi kuona tatizo hili.

Breki yenyewe hukaa nyuma ya mota. Ndani kuna sahani ya msuguano inayozunguka na mhimili, springi zinazoibana, na koili (waya uliozungushwa unaogeuka sumaku ukipata umeme). Springi ndizo zinazoshika. Umeme ndio unaofungua. Ukiipa 24 V unasikia "tak", koili inavuta bamba, mhimili unakuwa huru. Ukiondoa umeme springi zinarudi. Wengi hudhani ni kinyume, kama breki ya baiskeli unayoibonyeza ili ishike, na ukianza na dhana hiyo utafunga kila kitu kinyume.

Kabla ya kuunganisha chochote, pima koili kwa multimita. Yangu ilisoma omu 72. Gawanya 24 kwa 72 unapata ampea 0.33, wati 8. Nambari hizo ziandike kwa kalamu ya wino mzito kwenye mwili wa mota, kwa maana utazihitaji kila mara.

Kesho nitaendelea na nyaya. Nimechoka, tumekuwa na kazi ya viti vya kanisa tangu alfajiri.

---

StimaNakuru (Nakuru)

Pole sana fundi. Swali moja la haraka: uliweka diodi (inayopitisha umeme upande mmoja tu) kwenye koili? Bila diodi ukikata umeme koili inarusha volti nyingi kinyume, inaua transista ya bodi. 1N4007 ni shilingi chache tu, upande wenye mstari uelekee chanya. Na kama stima ndiyo tatizo, si uweke UPS tu ulale?

---

FundiKibuye

Asante kaka. Diodi niliweka, na utaona mbele kwamba ilikuwa sehemu ya tatizo. Usinielewe vibaya, bila kizuizi chochote hutaki. Siku ya kwanza nilijaribu bila kitu, kila breki ikifunga kompyuta inapoteza mawasiliano na bodi. Cheche ya koili ilikuwa inaingia mpaka kwenye waya wa mtandao.

UPS nayo ni nzuri kwa kompyuta. Lakini ukibonyeza kitufe chekundu cha dharura, UPS haitakusaidia. Umekata umeme wa mota mwenyewe, kwa makusudi, na kichwa kitashuka uleule mshuko. Breki lazima iwe sawa hata UPS ikiwepo.

Sasa nyaya. Bodi yangu ya kuongoza mashine ni Mesa 7I76E, natumia programu ya LinuxCNC. Kila pini ya kutolea ya bodi hiyo inatoa mwisho ampea 0.3, na breki yangu inataka 0.33. Tofauti ni ndogo hadi unashawishika kuunganisha moja kwa moja. Mimi nilishawishika! Nikakumbuka kwamba shaba ikipata joto ukinzani wake hupanda, kama asilimia 4 kwa kila nyuzi 10, kwa hiyo asubuhi koili ikiwa baridi ndipo inapokula ampea nyingi zaidi. Nikaweka rilei katikati: pini ya bodi inawasha koili ndogo ya rilei, na miguu ya rilei ndiyo inayopitisha 24 V kwenda kwenye breki. Rilei ile ya kuchomeka yenye kikalio, inayofungwa kwenye reli ya kabati. Ikifa unachomoa unaweka nyingine dakika moja.

Njia ya umeme, kutoka mwanzo: chanya ya pawa saplai ya 24 V, fyuzi ya ampea 1, mguu wa kitufe cha dharura, mguu wa rilei, waya mmoja wa breki. Waya wa pili unarudi kwenye hasi. Kitufe cha dharura kinakata breki chenyewe, bila kuomba ruhusa kwa kompyuta. Hilo sitalilegeza kwa yeyote. Programu inaweza kuganda. Shaba iliyokatwa imekatwa.

Koili nyingi hazijali waya upi ni chanya. Lakini baadhi zinakuja na diodi ndani tayari, na hizo ukigeuza nyaya umepiga shoti moja kwa moja. Pima kwa mita pande zote mbili: ukipata nambari tofauti ukigeuza ncha, kuna kitu ndani.

---

Mbao_Kakamega (Kakamega)

Mzee, mimi sina bodi ya maana kama hiyo. Nina ile ndogo ya programu ya GRBL. Naweza kuchukua ile pini ya kuwasha mota niitumie kufungua breki? Kichwa changu ni cha kilo 9.

---

FundiKibuye

Unaweza, lakini kuna mitego mitatu, kaka, na wa kwanza utakuchekesha uusikie.

GRBL ikitoka kiwandani mpangilio wa `$1` huwa 25. Maana yake, milisekunde 25 baada ya kila mwendo kuisha, mota zinaachiliwa. Ukifunga breki kwenye pini hiyo, kila kisu kikisimama kidogo breki itafunga, kikiondoka itafungua, tak-tak-tak siku nzima kama mtu anapiga makofi, na sahani itaisha upesi. Weka `$1=255` ili mota zibaki zimeshikwa.

Wa pili ni mwelekeo. Pini hiyo kwa kawaida huwasha mota ikiwa chini, kwenye 0 V. Ukiipeleka kwenye transista ya kawaida, breki itafunguka mota zikizimwa na itafunga mota zikiwashwa, kinyume kabisa cha unachotaka. Tumia kiunganishi cha mwanga, PC817 inatosha: mguu mmoja wa taa yake kwenye +5 V kupitia rezista, mguu mwingine kwenye pini. Pini ikishuka, mkondo unapita, taa inawaka, breki inafunguka. Na bodi ikifa kabisa, hakuna +5 V, taa haiwaki, breki inashika. Jaribu kufikiria kila kifaa kikifa kimoja kimoja, na kila mara jibu liwe "breki inashika". Kama kuna hali moja ambayo jibu ni "breki inafunguka", mchoro wako haujaisha.

Wa tatu, pini yenyewe inatoa miliampea chache tu. Usiiunganishe na koili ya breki hata kwa jaribio la sekunde moja.

---

StimaNakuru

Kwenye bodi ya Duet mambo ni rahisi zaidi, niongeze hapo. Kuna amri maalum kwa ajili ya breki. Mimi Z yangu iko kwenye draiva (kiendesha mota) namba 2 ya bodi kuu, kwa hiyo kwenye faili la mipangilio nimeweka:

`M569.7 P0.2 C"out7"`

P ni draiva, C ni pini itakayofungua breki. Ukituma M17 mota inawashwa na breki inafunguka. Ukituma M84 vinarudi. Kitu kimoja kilinichanganya: nikiacha mashine imekaa, breki haikushika. Kumbe ikipumzika Duet inapunguza tu mkondo wa mota, hadi asilimia 30 kama hujabadilisha, haiizimi. Kwa hiyo kwa bodi mota bado iko kazini, na breki inabaki wazi. Hilo si kosa, ndivyo inavyofanya kazi.

Na jirani yangu hapa Shabab aliunguza koili mbili. Mashine yake inaendesha mota kwa 48 V, akachukua chanya ya breki kwenye pini iliyo karibu bila kupima. Kumbe bodi inatoa pale volti ileile ya mota.

---

FundiKibuye

Huyo jirani nampa pole, na wengine tulisome hilo mara mbili. Volti zikiwa mara mbili, joto linakuwa mara nne. Koili yangu ya wati 8 ingekuwa inakula wati 32, ndani ya kikopo kisicho na pa kupumulia. Inanuka dakika chache tu. Kwenye bodi nyingi pini ya chanya iko hai muda wote na bodi inakata upande wa hasi, kwa hiyo pima kati ya chanya hiyo na ardhi kabla hujaunganisha waya wowote. Kama inasoma 48, chukua 24 V kutoka pawa saplai nyingine na ufanye hasi za pawa saplai zote mbili kuwa moja.

---

DadaWaSevo (Eldoret)

Hamjambo. Nafanya matengenezo ya mashine za kufungasha, huku tunatumia sevo (mota zinazojipima mwendo) zaidi. Nataka nimrudishe fundi kwenye jambo aliloanza nalo: ulisema breki ilichelewa. Kwenye sevo, draiva yenyewe ina pini ya breki na nyakati zake. Kwenye Delta ASDA kwa mfano ni P1-42 na P1-43, kwa milisekunde. Mafundi wengi wanaziacha kwenye sifuri, halafu wanashangaa kwa nini mzigo unadunda kila mashine ikiwashwa. Wewe nyakati zako uliziweka wapi?

---

FundiKibuye

Dada, umefika penyewe. Hapa ndipo nilipokaa wiki tatu.

Kuna nyakati mbili. Ukiwasha: mota lazima ishike kwanza, halafu breki ifunguke. Ukizima: breki lazima ishike kwanza, halafu mota iachie. Wakati wowote mzigo uwe mikononi mwa mmoja wao. Ni kama watu wawili wanaopokezana gunia la mahindi kwenye lori: wa chini haachii mpaka ahisi wa juu amelibeba. Wakiachia kwa pamoja gunia liko miguuni.

LinuxCNC inatoa ishara moja tu ya kuwasha kiungo, `joint.2.amp-enable-out` kwa Z yangu. (Mwenye mota mbili kwenye Y, Z yako huenda ni joint.3, angalia.) Ishara hiyo nikaigawa njia mbili, kila moja na ucheleweshaji wake:

```
loadrt timedelay names=td-breki,td-draiva
addf td-breki servo-thread
addf td-draiva servo-thread
setp td-breki.on-delay 0.15
setp td-breki.off-delay 0
setp td-draiva.on-delay 0
setp td-draiva.off-delay 0.2
net z-washa joint.2.amp-enable-out => td-breki.in td-draiva.in
net z-breki td-breki.out => hm2_7i76e.0.7i76.0.0.output-00
```

Halafu `td-draiva.out` inaenda kwenye pini inayowasha draiva. Nambari zote ni sekunde. Usisahau kuziandika zote nne, kwa maana usipoandika kila moja huwa nusu sekunde. Nikiwasha: draiva inaamka mara moja, breki inangoja sekunde 0.15. Nikizima: breki inafunga mara moja, draiva inabaki sekunde 0.2 zaidi. Baada ya hapo nikizima mashine kwa kompyuta, kichwa hakisogei hata unywele. Niliweka geji ya saa (kipimo cha sindano cha kusoma mwendo mdogo) chini ya spindo, sindano ikatulia pale pale.

Nikafurahi. Nikaenda kwenye swichi kubwa ya ukutani nikaizima, kuigiza stima kupotea. Kichwa kikashuka mpaka kikakaa juu ya kipande cha mbao nilichokuwa nimekiweka.

Nikajaribu tena, mara tano. Kila mara kinashuka. Usiku huo sikulala vizuri.

---

Mbao_Kakamega

Sasa mzee hapo hata mimi nimepotea. Stima imekatika, breki imekosa umeme, springi zinashika. Kilichoifungua ni nini?

---

FundiKibuye

Swali lako ndilo nililojiuliza mpaka nikapata jibu kwa macho. Nilichukua simu ya mtoto wa dada yangu, ina kamera ya kupiga mwendo wa polepole, picha 240 kwa sekunde. Nikaweka taa ndogo mbili za LED mbele ya kichwa, moja kwenye pawa saplai ya 48 V ya mota, nyingine kwenye ile ya 24 V ya breki, kila moja na rezista yake. Nikazima swichi ya ukutani huku simu inarekodi.

Taa ya mota ilififia karibu papo hapo. Taa ya breki ikaendelea kuwaka. Nikahesabu picha moja moja kwa kidole: karibu sekunde nzima baada ya mota kufa, 24 V ilikuwa bado iko pale, koili imevuta bamba, breki imefunguliwa wazi, na kichwa kinashuka kwa raha zake!

Sababu ni kapasita zilizo ndani ya pawa saplai. Zinahifadhi umeme kidogo. Ile ya 48 V ilikuwa inalisha mota nne, ikakauka mara moja. Ile ya 24 V nilinunua kubwa, ampea 10, eti nisije nikapungukiwa baadaye, na inalisha breki moja na vitu viwili vidogo. Akiba yake haina wa kuimaliza. Kadiri pawa saplai ilivyo kubwa na mzigo wake ulivyo mdogo, ndivyo breki inavyochelewa. Na kompyuta yangu ilikuwa kwenye UPS, bodi nayo inakula kwenye hiyo hiyo 24 V, kwa hiyo hakuna aliyemwambia rilei aachie. Kwa maoni ya programu mambo yote yalikuwa shwari.

Mezani sikuona hili kwa sababu nilijaribu kwa kuchomoa waya wa breki kwa mkono. Waya ukichomolewa kapasita haina njia.

Dawa yake ni rilei ya pili, yenye koili ya 240 V ya stima yenyewe. Koili hiyo inaunganishwa kwenye laini moja na pawa saplai ya mota, baada ya swichi kubwa. Mguu wake umekaa kwenye ile njia ya 24 V ya breki, kwa mfululizo na kitufe cha dharura na rilei ya kwanza. Stima ikipotea, rilei hii haina kapasita ya kuibeba. Inaachia hapo hapo, na inakata waya wa breki upande wa 24 V, baada ya kapasita. Sasa akiba ibaki humo ndani itakavyo, haifiki kwenye koili.

---

StimaNakuru

Kaka, hii nimeisoma mara tatu. Nimeenda kujaribu kwangu sasa hivi, taa ya 24 V inabaki nusu sekunde. Sikuwahi kuwaza. Na diodi uliyosema ni sehemu ya tatizo?

---

FundiKibuye

Ndiyo, na hapa tutabishana kidogo najua.

Diodi ukiiweka sambamba na koili, ukikata umeme mkondo hauishi. Unaendelea kuzunguka kati ya koili na diodi mpaka uchoke wenyewe. Muda wote huo koili bado inavuta. Nilipima kwa simu ileile: kutoka rilei kukata mpaka bamba kupiga, picha 26. Hiyo ni kama milisekunde 108. Nikaongeza zena (diodi inayopitisha umeme kinyume ukifika volti zake) ya 36 V, 1N4753, kwa mfululizo na diodi, zikitazamana mistari kwa mistari. Sasa mkondo ukitaka kuzunguka unapambana na volti 36, unaisha upesi. Picha 9. Milisekunde 37 au 38.

Kwa miguu ya rilei hilo halina shida. Lakini mwenye kukata kwa mosfeti (aina ya transista) ahesabu: 24 na 36 ni 60, na kidogo cha diodi juu yake. Mosfeti ya 55 V itakufa. Tumia ya 100 V, au ubaki na diodi ya kawaida na uongeze muda wa draiva kushikilia. Na kama bodi yako tayari ina diodi ndani ya pini, zena yako ya nje haitasaidia kitu. Mkondo utapita njia rahisi.

---

StimaNakuru

Sibishani, ila niseme hivi kwa wanaoanza: diodi ya kawaida kwanza, mashine ifanye kazi, zena baadaye. Kwa mashine inayozimwa kwa utaratibu, milisekunde 108 ndani ya dirisha la 200 inatosha.

---

FundiKibuye

Kwa kuzima kwa utaratibu nakubali kabisa. Kwa stima kupotea hakuna dirisha la 200, mota inakufa ikitaka. Kila milisekunde ni mshuko.

Matokeo: baada ya rilei ya 240 V na zena, nimezima swichi ya ukutani mara ishirini, geji ya saa ikiwa chini ya spindo. Mshuko mkubwa haukufika nusu milimita.

---

DadaWaSevo

Hongera kwa kupima badala ya kukisia. Niongeze mambo mawili ya kazini. Breki hizi ni za kushikilia kitu kilichosimama. Si za kusimamisha mota inayokimbia. Mota ipunguzwe mwendo na draiva kwanza. Breki ije mwisho. Dharura ya kweli ni sawa, lakini mtu anayetumia kitufe chekundu kuzima mashine kila jioni anaisaga sahani bila kujua.

Pili, hakikisheni breki inafunguka kabisa. Nyingi zinataka volti zisipungue kwa zaidi ya asilimia 10, yaani zisishuke chini ya 21.6. Waya mwembamba mrefu, tamino (kishikio cha waya) iliyolegea, koili yenye joto la mchana, breki inafunguka nusu. Mota inaiburuta, stepa inapoteza hatua, na mtu analaumu draiva. Pimeni volti pale kwenye breki yenyewe mashine ikiwa moto, si kwenye kabati.

---

FundiKibuye

Asante sana dada. Hilo la pili limenikuta, nilidhani ni beringi. Kwangu tamino moja ilikuwa imebana gamba la plastiki badala ya shaba. Mita ilisoma 19.8 kwenye breki, 24.1 kwenye kabati.

---

Mbao_Kakamega

Mzee na dada, nimewaelewa. Nimefunga PC817 na rilei, breki inafunguka na kushika vizuri kwa `$1=255`. Rilei ya 240 V nitainunua Jumamosi. Kuna fundi hapa ananiambia niweke ile shoka ya buti ya gari (bomba la gesi linaloinua mlango wa nyuma) ibebe kichwa, niachane na breki. Mnasemaje?

---

FundiKibuye

Shoka ya buti ni msaada mzuri, kaka, hata mimi nawaza kuiweka. Huwa imeandikwa nguvu yake kwa niutoni pembeni. Kwa kichwa chako cha kilo 9 tafuta ya karibu 80 au 90. Mota itapumua, itapanda bila joto. Lakini gesi huvuja taratibu mwaka hadi mwaka, na hutajua imepungua mpaka siku kichwa kinashuka. Iweke pamoja na breki.

Mpaka Jumamosi, ukiinama chini ya spindo kubadilisha kisu, weka gogo la mbao chini yake kwanza. Mimi nina moja limekatwa sentimita 18, nimelitoboa tundu na kulifunga kamba kwenye fremu ya mashine ili lisipotee kwenye kuni.

---

Mbao_Kakamega

Nimekata la kwangu jioni hii. Jumamosi nikimaliza rilei nitazima swichi mara ishirini kama wewe na kuleta nambari.

---

Mbao_Kakamega

Nimerudi. Sina geji ya saa, nimetumia kipande cha karatasi chini ya ncha ya kisu: kabla ya rilei ya 240 V karatasi ilitobolewa kila mara na kisu kikaingia ubaoni. Baada yake, mara ishirini, karatasi inavutika bado. Mara moja tu, ya kumi na mbili, ilibana kidogo. Nikakuta skrubu moja ya kikalio cha rilei haijakazwa. Nimeikaza, nimerudia kumi nyingine, zote zimevutika.

---

FundiKibuye

Safi sana. Kaza na zile nyingine zote, halafu upitie tena baada ya wiki moja ya kazi. Mtetemo wa spindo hulegeza skrubu za tamino.